Shindano la programu za simu likishakwisha, wasanidi wa kujitegemea wasaidiwe vipi?

Mratibu

Wanajukwaa, salaam. Chama chetu kimemaliza shindano la kutengeneza programu za simu. Washindi wamekwishatangazwa, zawadi zimetolewa, picha zimepigwa na wadhamini wamepata taarifa zao. Kilichobaki mikononi mwa kamati ni fedha kidogo ambazo hazikutumika, chumba chenye intaneti ambacho tunaruhusiwa kukitumia jioni, na orodha ya anwani za washiriki wote, walioshinda na walioshindwa.

Matumizi ya mabaki hayo ndiyo yanayotugawa. Baadhi ya wajumbe wanataka yawekwe akiba kwa ajili ya shindano lijalo, kwa hoja kwamba wadhamini huvutiwa na tukio jipya. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tunaona kwamba kazi iliyofanyika itapotea bure iwapo hatutawashika mkono hawa waliokwisha kuonyesha uwezo. Nilizitafuta programu za shindano lililotangulia katika maduka ya programu ya mtandaoni, yaani Google Play na App Store ya Apple. Nyingi hazikuwahi kufika huko. Nyingine zipo lakini hazifanyi kazi kwa sababu seva zake, yaani kompyuta za mtandaoni zinazozihudumia, zimezimwa, na mojawapo, ambayo majaji waliipigia makofi kuliko zote, huonyesha skrini nyeupe tu mara mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kujisajili.

Washiriki wetu wengi hawana kampuni wala mwajiri anayewalipa kwa kazi hii. Huifanya usiku baada ya shughuli nyingine, ama peke yao ama wakiwa wawili watatu. Ninaomba ushauri wa waliopitia njia hii, wawe wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, au waandaaji. Ni msaada gani hasa unaofaa katika miezi michache ya kwanza? Je, chama kifungue akaunti moja ya duka na kuzichapisha programu zote humo, ili kuwaondolea washiriki gharama na usumbufu? Na je, tuwasaidie wote au wachache?

Msanidi wa Usiku

Ndugu mleta mada, nimeshiriki mashindano ya aina hii na baadhi nimeshinda, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa mtu anayebaki na programu baada ya ukumbi kufungwa.

Kilichoshinda shindano lenu kwa kawaida si programu bali ni onyesho la programu. Katika siku chache za kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayounda programu, mtu hupita njia zote za mkato anazozijua: orodha ambayo ingetoka kwenye hifadhidata huandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo, nenosiri la seva huachwa wazi katika faili ambalo kila mwanatimu analo, na hakuna anayejiuliza kitatokea nini mtandao ukikatika katikati ya kutuma fomu, kwa kuwa mtandao wa ukumbini haukatiki. Ile skrini nyeupe uliyoiona inaeleweka. Programu inaomba jibu kutoka kwa seva, seva haipo tena, na hakuna mahali ambapo msanidi aliandika maneno ya kumwambia mtumiaji kwamba kuna hitilafu. Seva za bure nazo hazina uhakika. Heroku, huduma ya seva za mtandaoni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la wanafunzi na washiriki wa hakathoni (mashindano ya kutengeneza programu kwa muda mfupi), iliondoa mpango wake wa bure tarehe 28 Novemba 2022, na kila kilichokuwa kinaning'inia huko bila mtu wa kukilipia kikazimika. Salio la bure ambalo wadhamini huwagawia washiriki nalo lina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo hufika wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena shindano.

Kwa hiyo, kama fedha ni kidogo, zilipeni saa za kazi isiyopigiwa makofi, yaani kuusafisha msimbo, kuhamisha seva, kuandika ujumbe wa hitilafu na kuijaribu programu kwenye simu ya bei ya chini yenye kumbukumbu ndogo. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa na hakuna mdhamini anayeipiga picha.

Kuhusu maduka, gharama ya kuingia si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Google Play hutoza dola 25 za Marekani mara moja tu wakati wa kufungua akaunti, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia, kwa sababu uanachama ukiisha bila kulipiwa, programu haipakuliki tena kutoka App Store hata kama ilikuwa na watumiaji waaminifu. Kamisheni, yaani sehemu ya mauzo ambayo duka hukata, nayo isiwaumize vichwa. Mwaka 2021 maduka yote mawili yalianzisha kiwango cha asilimia 15 kwa wasanidi wadogo ambao mauzo yao hayavuki dola milioni 1 kwa mwaka, ingawa msanidi hana budi kujiandikisha kwanza katika mpango huo. Shida ya wengi wetu ni kuipata hiyo dola ya kwanza ya kukatwa.

Kinachowakwamisha watu hasa ni masharti. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haiwezi kuichapisha programu kwa umma mpaka ijaribiwe kwanza na kikundi maalumu cha watu wasiopungua 12, ambao wanatakiwa wabaki wamejiunga na majaribio hayo kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walihitajika watu 20. Idadi ilipunguzwa Desemba 2024. Majaribio yakiisha, msanidi huulizwa aliwapataje wajaribu hao, walimpa maoni gani, naye akabadilisha nini. Mtu anayefanya kazi peke yake usiku huwaomba ndugu na marafiki. Watano hujiunga, wawili husahau, mmoja hubadilisha simu, na mwezi unakwisha programu ikiwa palepale. Nanyi mmesema mnayo orodha ya anwani za washiriki wote. Hazina yenu ni hiyo, na kwa maoni yangu inazishinda fedha mlizobakiwa nazo.

Kisha kuna matengenezo, ambayo hayana mwisho. Google Play huinua kiwango chake kila mwaka: tangu tarehe 31 Agosti 2025 programu mpya na masasisho lazima yalenge Android 15 au toleo la baadaye, na programu ambayo mwenyewe ameitelekeza kwa muda mrefu huacha kuonekana kwa watumiaji wapya wenye simu za matoleo mapya. Programu isiyoguswa haibaki kama ilivyoachwa.

Akaunti moja ya chama nisingeishauri. Najua kishawishi chake: akaunti ya taasisi haibanwi na lile sharti la wajaribu 12, ingawa hudaiwa namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha taasisi. Hata hivyo, mkiweka programu za watu tofauti katika kapu moja, anayekiuka kanuni za duka huhatarisha akaunti nzima, na waliotii sheria huanguka pamoja naye. Isitoshe, jina litakaloonekana chini ya kila programu ni la chama, si la aliyekesha akiitengeneza. Kesho akiomba kazi kwa mteja ataonyesha nini?

Mdau wa Takwimu Huria

Nakubaliana na aliyetangulia katika mambo ya kiufundi, lakini nina shaka na lile swali lenyewe. Linachukulia kwamba programu iliyozaliwa shindanoni inastahili kuishi. Nyingi hazistahili, na hilo si tusi kwa waliozitengeneza.

Mwaka 2008 jiji la Washington, D.C. liliendesha shindano lililoitwa Apps for Democracy, ambapo katika siku 30 zilipatikana programu 47 kwa gharama ya dola 50,000. Lilisifiwa kila mahali na miji mingi ikaliiga. Shindano la pili lilifanyika mwaka uliofuata, kisha ofisi ya teknolojia ya jiji hilo ikaachana na utaratibu huo. Mkuu wake wa wakati huo alieleza hadharani kwamba programu nyingi zilizopatikana ziliwafaa wenye simu janja, ilhali wakazi waliohitaji zaidi huduma za jiji hawakuwa na simu za aina hiyo. Hapo hata ulezi mzuri kiasi gani baada ya shindano usingesaidia, kwa sababu kasoro ilikuwa katika uchaguzi wa tatizo lililotatuliwa.

Upande wa pili ipo mifano ya mafanikio, na waandaaji hupenda kuinukuu. GroupMe ilianzia katika hakathoni ya TechCrunch Disrupt jijini New York, Mei 2010, na Agosti 2011 ikanunuliwa na Skype. Ni kweli kabisa. Hata hivyo, kilichoibeba baada ya hakathoni ni wawekezaji na waanzilishi walioifanya kuwa kazi yao ya kila siku, na vyote viwili havimo katika mabaki ya fedha za chama.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kumpa msanidi senti moja, mtafute mtu au taasisi yenye tatizo ambalo programu hiyo inalitatua, iwe zahanati, ushirika wa wakulima, maktaba au shule, nanyi muulize kama ingekubali kuitumia kwa miezi mitatu na kumpa msanidi mtu mmoja wa kuzungumza naye kila wiki. Ikipatikana, saidieni. Isipopatikana, mwacheni msanidi aendelee na wazo jingine, na mumsaidie kuifunga ile ya kwanza kwa heshima: awataarifu watumiaji, afute taarifa zao binafsi alizokusanya, aiondoe dukani na auhifadhi msimbo wake mahali anapoweza kuuonyesha. Programu iliyotelekezwa huku ikiwa bado na namba za simu za watu ni hatari kuliko programu iliyokufa, na katika mashindano niliyoyafuatilia sijaona mwandaaji aliyetenga muda kwa ajili ya jambo hilo.

Msaidizi wa Sheria

Hakuna aliyegusia umiliki, nami ningeanzia hapo.

Kanuni za shindano lenu zinasemaje? Zipo kanuni zinazompa mwandaaji au mdhamini haki zote za kazi iliyowasilishwa, na washiriki huzikubali kwa kubonyeza kitufe bila kuzisoma. Ikiwa kanuni zenu ziko hivyo, mnamwomba mtu aendeleze mali ambayo si yake, na akigundua baadaye atakuwa na haki ya kukasirika. Ikiwa hazisemi chochote, hali ni nafuu zaidi. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa mwaka 1886, tangu uliporekebishwa mjini Berlin mwaka 1908 una msingi kwamba hakimiliki haihitaji kusajiliwa, na Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, katika kifungu cha 10, unaitambua programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi inayolindwa chini ya msingi huo. Msimbo ni wa aliyeuandika tangu alipouandika.

Ugumu huja pale walioandika wanapokuwa watatu waliokutana siku ya shindano. Mmoja alichora skrini, mwingine akaandika upande wa seva, wa tatu akazungumza na majaji. Wiki moja baadaye wa pili amepata ajira na hajibu simu. Je, waliobaki wanaweza kuiuza programu? Bila maandishi, swali hilo linaweza kuiua kazi nzuri kabisa. Chama kinaweza kuwasaidia kwa gharama ndogo sana: karatasi ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa na wote, inayosema nani anamiliki sehemu gani, akiondoka mmoja itakuwaje, akaunti ya duka iko kwa jina la nani, na msimbo unatolewa chini ya leseni gani, iwe huria, inayomruhusu yeyote kuutumia msimbo, kama MIT au Apache, iwe iliyofungwa. Isainiwe mapema, kabla fedha hazijaingia. Zikishaingia kila mmoja hukumbuka kwamba alifanya kazi kuliko wenzake.

Kuhusu akaunti ya pamoja, ninaongeza kwamba Google Play na App Store zote huruhusu programu kuhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, na maoni ya watumiaji huhama nayo. Kwa hiyo, kama chama kimelazimika kuanza na akaunti yake kwa programu moja au mbili, kiandike tangu mwanzo tarehe ya kuikabidhi.

Mshiriki wa Zamani

Mimi nina machache tu. Tafadhali msitupe walezi kumi. Baada ya shindano niliwahi kupangiwa washauri kutoka kila upande. Huyu wa masoko, huyu wa fedha, huyu wa uongozi, na kila mmoja alitaka kikao. Nilichokihitaji ni mtu mmoja aliyewahi kuchapisha programu dukani na kukataliwa, ambaye angekaa nami jioni mbili tatu anisaidie kujaza fomu ya usalama wa data na kuandika sera ya faragha inayolingana na kile ambacho programu yangu hukifanya kweli. Fomu hiyo inauliza kila aina ya taarifa inayokusanywa, zikiwemo zile zinazochukuliwa na maktaba, yaani vipande vya msimbo vya watu wengine ulivyovipachika ndani ya programu, na hapo ndipo wengi hujaza kwa kubahatisha.

Pia simwafiki sana Mdau wa Takwimu Huria. Taasisi nyingi hukubali kutumia programu kwa majaribio kwa sababu ni ya bure, kisha haziombi wala hazikatai. Humwacha msanidi akisubiri. Kama taasisi haiko tayari kulipa hata kiasi kidogo, ahadi yake isihesabiwe.

Mdau wa Takwimu Huria

Hoja hiyo ya malipo ninaikubali. Iwe kidogo, lakini iwepo, na iwe kwa maandishi.

Kwa kuwa tumefika kwenye fedha, upo mfano unaoweza kuisaidia kamati. Google ilipoanzisha shindano la Android Developer Challenge, ambalo mzunguko wake wa kwanza ulihukumiwa mwaka 2008, haikutoa zawadi zote siku moja. Kwanza zilichaguliwa programu 50 na kila moja ikapewa dola 25,000 ili iendelezwe. Ndipo katika awamu ya pili zikatolewa zawadi 10 za dola 275,000 na nyingine 10 za dola 100,000. Viwango hivyo haviwahusu ninyi, lakini mpangilio wake unawahusu: sehemu ya fedha ilitolewa ili kazi iendelee, na majaji wakaiona kazi hiyo mara ya pili. Zawadi yote ikitolewa jukwaani usiku wa kilele, hakuna sababu ya mtu kuifungua kompyuta kesho yake isipokuwa mapenzi yake mwenyewe.

Mratibu

Ninawashukuru nyote. Nimezipeleka hoja hizi kwenye kamati na mambo mawili yamekubaliwa bila ubishi mkubwa: kila timu itasaini karatasi ya umiliki kabla ya kupata msaada wowote, na kila msanidi atafungua akaunti kwa jina lake, chama kikimrudishia ada. Tutawachukua wanne au watano tu, wale ambao wamepata mtu wa kuitumia programu yao na aliye tayari kuchangia gharama. Chumba kitatumika jioni mbili kwa wiki, na atakuwepo mlezi mmoja anayelipwa. Akiba ya shindano lijalo tumeiahirisha, ingawa mweka hazina hajafurahi.

Limebaki la wajaribu. Tulipowaandikia washiriki ambao hawakushinda tukiwaomba wazijaribu programu za wenzao, baadhi walijibu kwa uchungu kwamba wao hawakupewa kitu, iweje sasa wafanye kazi kwa ajili ya walioshinda. Wengine wamekubali, lakini nina wasiwasi kwamba watajiunga kwa ajili ya kutimiza idadi bila kuigusa programu. Tuwalipe?

Msanidi wa Usiku

Uchungu wao una msingi. Msiwaombe fadhila, bali fanyeni iwe kubadilishana: anayeijaribu programu ya mwenzake kwa siku zote 14 na kuandika maoni anapata nafasi ya programu yake kujaribiwa na kundi hilohilo, hata kama hayumo katika wale wanne au watano. Wengi wa walioshindwa wana programu zinazohitaji wajaribu kama zilivyo za washindi, na sharti la duka haliulizi nani alipewa zawadi.

Malipo ya fedha taslimu kwa ajili ya kujiunga nisingeyatoa, kwa sababu mtakachonunua ni majina kwenye orodha, na zile fomu za mwisho zinataka maelezo ya maoni yaliyopatikana na mabadiliko yaliyofanywa. Mjaribu asiyeifungua programu hana cha kumwambia msanidi, na msanidi hatakuwa na cha kujaza.

Ila msiwajaze wasanidi watupu. Msanidi akiona kitufe hakifanyi kazi hukisia sababu, hukizunguka na kuendelea. Mtumiaji wa kawaida hukwama hapo na kuiacha programu, na huko kukwama kwake ndiko kunakotafutwa. Ningeweka nusu wasanidi na nusu watu wa ile taasisi itakayoitumia programu, halafu niongeze watatu au wanne wa akiba juu ya wale 12, kwa kuwa hapakosi anayejitoa au kupoteza simu. Kila mmoja apewe kazi ya kufanya siku ya kwanza, na kazi nyingine katikati ya wiki ya pili, wakati hamu imekwisha: ajisajili, azime mtandao, aurudishe, aifute programu na kuipakua upya, kisha aandike alichokiona. Mlezi wenu azisome ripoti hizo pamoja na msanidi katika zile jioni mbili, maana ndizo zitakazojibu maswali ya duka.

Na muanze na programu moja. Mkizipitisha zote nne kwa wakati mmoja, wajaribu walewale watachoka kabla ya siku ya 14, nanyi mtalazimika kuanza kuwatafuta wengine.